Mwendo wa Aliye Nyuma

Miongoni mwa vyombo vyote ambavyo watu huvitumia kusafiri pamoja, baiskeli ndiyo inayofichua upesi zaidi tofauti za nguvu baina ya marafiki. Abiria wa basi moja hufika kwa wakati mmoja, mwenye mapafu mazima na mwenye pumu, na watembeao kwa miguu, hata wakipitana sana umri, hutenganishwa na hatua chache ambazo aliye mbele huzifidia kwa kusimama kidogo akitazama shamba la watu. Waendesha baiskeli wakiachwa kila mmoja afuate uwezo wake hupotezana kabisa katika muda wa robo saa, kwani aliyezoea huwa amekwisha kuvuka mto wa pili wakati mgeni bado anahangaika na gia chini ya mlima wa kwanza. Kwa hiyo matembezi ya kundi, yaani safari ya hiari ambamo watu kadhaa huendesha pamoja kwa ajili ya kuwa pamoja, bila mshindi wala zawadi, ni jambo linalopaswa kutengenezwa upya katika kila kilomita, na anayelitengeneza ni yule anayekubali kwenda polepole kuliko awezavyo.

Kukubali huko kuna sura mbili, na tofauti yake hutokana na umbo la barabara. Kwenye tambarare adui mkubwa wa mwendeshaji ni hewa. Ukinzani wa hewa, yaani ile kani inayomrudisha nyuma kila anayeipasua hewa, hukua haraka kuliko mwendo wenyewe: mwendokasi ukiongezwa mara 2, ukinzani huongezeka mara 4, na nguvu ya miguu inayohitajika kuushinda huongezeka mara 8. Anayefuata karibu na gurudumu la nyuma la mwenzake hukingwa na mwili wa aliyetangulia, na katika mwendo wa watu wenye mazoezi huweza kuokoa robo au hata theluthi ya jasho lake. Katikati ya pelotoni, yaani lile kundi kubwa la washindani katika mbio za barabarani, akiba hiyo ni kubwa zaidi. Utafiti ulioongozwa na Bert Blocken wa Eindhoven, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2018 kwa kutumia mfano wa waendeshaji 121, ulionyesha kwamba waliofichwa vizuri ndani ya kundi hukabiliwa na kati ya asilimia 5 na 10 tu ya ukinzani unaompata mtu anayeendesha peke yake kwa mwendo uleule. Hesabu hizo huwavutia makocha. Kwa marafiki waliotoka Jumapili kwenda kunywa chai, maana yake ni kwamba nguvu inakopesheka: aliye imara huweza kukaa mbele akaubeba upepo kwa niaba ya aliyetoka hospitali mwezi uliopita, na huyo wa pili akafikishwa kwa mwendo ambao peke yake asingeumudu, bila mtu kumsukuma mgongo wala kumtamkia neno la huruma.

Mlima huufuta mkopo huo. Mwendo ukishuka hadi kilomita 10 kwa saa, hewa haina tena neno, na karibu nguvu yote hutumika kuinua uzito wa mwili na wa chuma dhidi ya mvutano wa dunia, kila mmoja na uzito wake, wala mgongo wa aliye mbele haumkingi mtu na kitu. Ndiyo maana makundi hukatika milimani, na milimani ndipo tabia ya kundi hujulikana. Kwa kuwa nguvu haikopesheki tena, kitu pekee anachoweza kutoa mwenye nguvu ni wakati, yaani atangulie kisha asubiri kileleni. Desturi hiyo huonekana ya ukarimu, lakini ina dosari ambayo waliozoea kuwa wa mwisho huijua vizuri kuliko waliozoea kuwa wa kwanza. Wa kwanza hufika, hushuka, hunywa maji, hupiga picha na kupumzika mpaka jasho likauke. Wa mwisho huwasili akihema, na kuwasili kwake ndiko kunakochukuliwa kuwa ishara ya kuondoka, hivyo aliyehitaji kupumzika kuliko wote ndiye asiyepumzika kabisa. Makundi yenye adabu hukataza mtu yeyote kupanda tena baiskeli mpaka wa mwisho amekwisha kunywa maji na yeye mwenyewe amesema twende. Pasipo kanuni hiyo, kusubiri hugeuka kuwa namna ya kumwonyesha mtu unyonge wake katika kila kilima cha asubuhi hiyo.

Matembezi ya namna hii yalipata umbo lake Uingereza katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Mwaka 1878 liliundwa mjini Harrogate shirika la Bicycle Touring Club, ambalo mwaka 1883 lilibadili jina na kuwa Cyclists' Touring Club, na ambalo wanachama wake wa mwanzo walipanda zile baiskeli za gurudumu refu la mbele, chombo cha vijana wa kiume wenye fedha na wasiohofu kuanguka kichwa mbele. Shirika hilo lilielewa mapema kwamba watu wanaotoka pamoja wanahitaji mahali pa kufikia, hivyo likaafikiana na nyumba za wageni, likazitundikia kibao cha chuma chenye nembo ya gurudumu lenye mabawa na kuwapatia wanachama wake bei nafuu. Likasimamisha pia vibao vya kuwaonya waendesha baiskeli juu ya miteremko ya hatari. Kisha John Kemp Starley wa Coventry akatoa mwaka 1885 baiskeli ya Rover, yenye magurudumu yanayokaribiana ukubwa na mnyororo unaozungusha la nyuma, ambayo umbo lake limerithiwa na karibu kila baiskeli ionekanayo leo kutoka Shanghai hadi Sumbawanga, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop, aliyekuwa daktari wa mifugo mjini Belfast, akapata hataza ya tairi la kujazwa upepo. Kuanzia hapo kupanda baiskeli hakukudai tena ushujaa. Kulidai fedha, na hata hizo zilipungua baiskeli zilipoanza kuuzwa mkono wa pili. Na mfanyakazi wa kiwandani, ambaye tangu sheria ya viwanda vya nguo ya mwaka 1850 alikuwa akizoea polepole desturi ya kazi kufungwa Jumamosi saa 8 mchana, alijikuta na nusu siku, Jumapili nzima, na chombo cha kumtoa nje ya moshi wa mji.

Mwezi Februari 1894 vijana wachache wa Birmingham, wasomaji wa The Clarion, gazeti la kisoshalisti ambalo Robert Blatchford alilianzisha Manchester mwaka 1891, waliunda klabu ya baiskeli iliyochukua jina la gazeti hilo. Klabu hiyo yastahili kutazamwa kwa utulivu kwa sababu ilijiuliza waziwazi swali ambalo klabu nyingine zililipita kimya, nalo ni hili: watu wanaotoka pamoja kwa baiskeli wametoka kufanya nini hasa? Jibu rasmi lilikuwa siasa. Wanachama walibeba magazeti na vipeperushi, wakavigawa vijijini ambako mhubiri wa usoshalisti alikuwa hajawahi kukanyaga, na Pasaka ya mwaka 1895 matawi yalikutana Ashbourne, Derbyshire, katika mkutano ambao ukawa desturi ya kila mwaka. Hata hivyo mtu haendeshi kilomita 60 kwa ajili ya kipeperushi peke yake, na miongoni mwa wenye klabu wenyewe haikuwa siri kwamba hewa safi, utani, nyimbo na kukutana na wasichana wa tawi la jirani vilikuwa na nguvu zao. Klabu iliwapokea wanawake, jambo lililotosha kuifanya itiliwe shaka na wazazi wengi. Historia imetoa hukumu yake kwa namna ya ajabu kidogo: Blatchford aliiunga mkono serikali yake katika vita dhidi ya Makaburu mwaka 1899 na tena katika vita vya mwaka 1914, akawapoteza wasomaji wengi, na gazeti lake limekwisha kutoweka zamani, ilhali klabu ya baiskeli ingali hai. Karibu na kijiji cha Roughlee, Lancashire, imebaki pia Clarion House, nyumba ya mapumziko iliyojengwa mwaka 1912 na wanachama wa Independent Labour Party wa mji wa Nelson, ambayo hadi leo hufunguliwa siku za Jumapili na kuwauzia chai wanaofika kwa miguu na kwa baiskeli. Mtu angeweza kusema kwamba chai imeishinda siasa, lakini ni haki zaidi kusema kwamba udugu uliohubiriwa na kipeperushi ulikuwa tayari ukitekelezwa mezani, hivyo kipeperushi kilipokosekana meza haikuanguka.

Meza lakini haikuwa ya wote. Mwezi Oktoba 1898 Lady Harberton, mwanamke wa tabaka la juu aliyeongoza harakati za kudai mavazi ya kike yasiyomfunga mtu, alifika kwa baiskeli katika hoteli ya Hautboy, kijijini Ockham, Surrey, akiwa amevaa suruali pana iliyofungwa chini ya magoti. Mwenye hoteli alikataa kumhudumia katika chumba cha kahawa, akamwelekeza kwenye chumba cha kilabu ambamo wanaume walikuwa wakinywa na kuvuta. Cyclists' Touring Club, ambayo kibao chake cha mabawa kilikuwa ahadi kwa kila mwanachama, ilimshtaki mwenye hoteli, na mwaka 1899 baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia, kwa kuwa chumba alikuwa ametoa hata kama si kile kilichotakiwa. Ng'ambo ya bahari kizuizi kilikuwa kikali zaidi na kiliwekwa na waendesha baiskeli wenyewe. League of American Wheelmen, umoja ulioanzishwa Newport, Rhode Island, mwaka 1880, ulipitisha katika mkutano wa Louisville mwaka 1894 kanuni ya kuwapokea Wazungu peke yao. Mwaka uliofuata mshonaji mmoja wa Boston, Kittie Knox, binti wa baba Mweusi na mama Mzungu, aliyekuwa mwanachama kabla ya kanuni hiyo, alifika katika mkutano wa umoja huo Asbury Park, New Jersey, akiwa na kadi yake na suti ya kuendeshea aliyoishona mwenyewe, na kufika kwake tu kukawa habari ya magazeti nchi nzima. Alifariki mwaka 1900, hajatimiza miaka 30. Umoja ule ulisubiri hadi mwaka 1999 kuikana rasmi kanuni yake. Mifano hii miwili huzuia kosa la kudhani kwamba ukarimu wa barabarani, ule wa kumsubiri aliye nyuma, huzaa wenyewe ukarimu wa mlangoni. Kundi huweza kuwa na subira kubwa kwa wale liliokwisha kuwahesabu na kuwa jiwe kwa wengine.

Kando ya swali la nani anaingia, lilikuwapo swali la nani anaamua mwendo, na hapo Wafaransa ndio waliobishana kwa kina. Mwezi Juni 1897 kundi la Waitaliano liliendesha kutoka Roma hadi Napoli, kilomita 230 hivi, katika mwanga wa siku moja, na safari ya aina hiyo ikaitwa audax, neno la Kilatini lenye maana ya mwenye kuthubutu. Henri Desgrange, mhariri wa gazeti la L'Auto na mwanzilishi wa Tour de France ya mwaka 1903, aliipeleka desturi hiyo Ufaransa mwaka 1904 akaiwekea kanuni. Kundi huongozwa na nahodha wa barabara, ambaye hushika mwendo uliopangwa, siku hizi kwa kawaida kilomita 22.5 kwa saa. Hakuna anayeruhusiwa kumpita. Vituo vya kula vimepangwa kwa saa. Na wote wanaomaliza hupata cheti kilekile, bila orodha ya nani alitangulia. Mwaka 1921, baada ya kutoelewana na Desgrange, Audax Club Parisien ilianzisha vyeti vya mwendo huru, ambamo kila mmoja hujipangia kasi yake kati ya muda wa chini na wa juu, naye huwajibika kujilisha na kujirekebishia baiskeli. Mwendo huru ndio ulioenea duniani. Yule wa nahodha umebaki kwa wachache, hasa Ufaransa na nchi jirani, na wapenda kasi huuona kama kifungo. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Katika mwendo huru watu 100 huanza pamoja na baada ya saa mbili ni watu 100 mbalimbali, kila mmoja na taa yake katika giza lake. Chini ya nahodha, fundi viatu mwenye miaka 60 na kijana wa chuo hula supu katika meza moja saa ileile, na kijana, ambaye angeweza kufika mapema zaidi, hupokea kama fidia mambo ambayo mzee huyo ameyaona.

Msomaji wa Kiswahili hatashangazwa na kanuni ya kutompita kiongozi, kwa maana misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji katika karne ya 19 ilikuwa nayo. Mbele alitembea kirangozi, mwenye bendera na mavazi yanayomtofautisha, akifuatwa na ngoma, na Richard Burton, Mwingereza aliyepita njia hiyo mwaka 1857, aliandika kwamba aliyethubutu kumtangulia alitozwa faini. Misafara ile haikuwa matembezi. Ilibeba pembe na shehena za wengine, mingine ilikokota watumwa, na mpagazi hakutembea kwa ajili ya kuburudika. Kilichofanana ni hesabu ya uongozi: katika safu ndefu, aliye mbele huona njia lakini hamwoni aliye nyuma, kwa hiyo mwendo wake ni uamuzi unaowaangukia watu asiowaona. Makundi ya baiskeli yaliyokomaa hutatua jambo hili kwa kuweka mtu wa pili, mwenye uzoefu uleule, mkiani, ambaye kazi yake ni kutompita yeyote, kubeba pampu na kipande cha kuzibia pancha, na kutuma habari mbele. Kati ya wawili hao, wa nyuma ndiye anayepaswa kuwa na nguvu zaidi, ingawa makundi mengi hukosea na kumweka mbele.

Mpinzani mkubwa wa Desgrange katika masuala haya alikuwa Paul de Vivie, mfanyabiashara wa hariri wa Saint-Étienne aliyeandika kwa jina la Vélocio katika jarida lake Le Cycliste, lililoanza mwaka 1887. Desgrange alidharau gia za kubadilisha kwa hoja kwamba ni za wazee na wagonjwa. Vélocio alizitetea na kuzijaribu yeye mwenyewe milimani kwa hoja ileile iliyogeuzwa, kwamba chombo kinachomwezesha mzee kupanda mlima pamoja na kijana ni chombo bora. Karibu naye likakua kundi la marafiki na wanafunzi ambalo kila Pasaka liliteremka bonde la Rhône kuelekea Provence. Mashauri yake saba kwa wasafiri wa baiskeli hayajachakaa: mapumziko yawe machache na mafupi, mtu ale kabla ya njaa na anywe kabla ya kiu, asichoke kiasi cha kukosa hamu ya chakula na usingizi, ajifunike kabla ya baridi, aepuke mvinyo, nyama na tumbaku akiwa njiani, asijilazimishe, na asikanyage pedali kwa ajili ya majivuno. La mwisho ndilo gumu. Baridi na njaa huonekana, ilhali majivuno huja yamevaa sura ya uchangamfu, kama pale mmoja anapoongeza mwendo kidogo tu, mwingine asikubali kuachwa, na baada ya dakika kumi kundi lote limekuwa shindano ambalo hakuna aliyelitangaza.

Dalili ya kwanza ya mageuzi hayo ni ukimya. Makocha hutumia kipimo rahisi cha kujua kama mtu anajichosha, yaani kumsikiliza kama anaweza bado kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, na matembezi ya marafiki hupimwa vivyo hivyo, kwa sababu mazungumzo ndiyo bidhaa yake na mwendo unaoyaua umepita kiasi. Mazungumzo hayo yana sheria zake. Wawili wanaokwenda sambamba hawatazamani, macho yao yako barabarani, na uso wa anayesema hauchunguzwi na anayesikiliza, hivyo mtu ambaye mezani angeficha deni lake, ndoa yake inayoyumba au majibu ya daktari, barabarani hulitoa jambo hilo upande upande, katikati ya habari za cheni na matairi. Ukimya haumwaibishi yeyote, kwa kuwa barabara huujaza. Lori likija, wa nje hurudi nyuma, sentensi hukatika, na likishapita kila mmoja ana uhuru wa kuirudia sentensi ile au kuanza nyingine, ruhusa ambayo mazungumzo ya sebuleni hayatoi. Kisha kundi hubadilishana nafasi, na mtu huhamia kwa mwenzi mwingine bila kutafuta udhuru. Wengi wenye magari huona kwenda wawili wawili kuwa ni ujeuri. Nchini Uingereza mabadiliko ya kanuni za barabara ya mwaka 2022 yalieleza kwamba kufanya hivyo kunaruhusiwa na kwa kundi kubwa huweza kuwa salama zaidi, maana safu fupi hupitwa kwa muda mfupi. Uko pia ujanja wa zamani, usio wa kirafiki sana, wa kumuuliza mwenzako swali refu chini ya mlima, juu ya siasa au juu ya wakwe zake, ili amalize pumzi akilijibu.

Afrika Mashariki ilimpokea mgeni huyu wa magurudumu mawili kama mfanyakazi. Mjini Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana waliwavusha abiria kwa baiskeli kati ya kituo kimoja cha forodha na kingine, na kazi hiyo ikaupa usafiri wa bodaboda jina lake kabla pikipiki hazijaurithi. Tanzania Bara baiskeli hubeba mkaa, maziwa, madumu ya maji na wakati mwingine mgonjwa. Kutoka nayo ikiwa tupu, bila mzigo kwenye keria, kwenda mahali pasipo na shughuli na kurudi, kulikuwa kwa muda mrefu jambo la kueleza kwa majirani. Siku hizi makundi ya Nairobi, Kampala, Arusha na Dar es Salaam hutoka saa 11 alfajiri, kabla ya jua na kabla ya daladala na matatu, na kelele za tahadhari hupokezanwa kutoka mbele hadi nyuma, shimo, tuta, ng'ombe, gari nyuma, mpaka kituo cha chai ya maziwa na chapati au supu kando ya barabara kuu. Nairobi ina msafara wa kila mwezi uliochukua jina la Critical Mass, ule uliozaliwa San Francisco mwezi Septemba 1992, ambao nadharia yake ni kwamba waendesha baiskeli wakifika idadi fulani barabara huwaheshimu bila kuomba. Tanzania ina Twende Butiama, safari ndefu ya kila mwaka kutoka Dar es Salaam hadi kijiji alikozaliwa Mwalimu Nyerere, ambamo mwendo wa pamoja ni lazima kwa sababu umbali wenyewe hauruhusu mbwembwe.

Makundi haya, yenye kofia ngumu na jezi za kubana, hupita saa hiyohiyo na mlinzi anayerudi nyumbani kutoka lindo na mchuuzi wa maziwa anayekwenda mjini, wote wawili juu ya Phoenix ya gia moja. Mara nyingi mmoja wao hujiunga mkiani, akiwa na madumu yake, na hudumu na kundi kilomita nyingi kwa ndala miguuni, jambo ambalo huwachekesha wanakundi na kuwaudhi kidogo wale walionunua baiskeli ya mamilioni. Ni nadra mtu kuanguka nyuma akaendesha sambamba naye na kumuuliza maziwa yanakwenda wapi. Ni nadra zaidi yeye kualikwa chai. Klabu ya Birmingham ya mwaka 1894, kwa kasoro zake zote, ilikuwa na sababu ya kumsimamisha mtu wa namna hiyo na kuzungumza naye, ingawa sababu yenyewe ilikuwa kumgawia gazeti.

Sasa ugomvi mpya umeingia makundini, hasa Ulaya, juu ya baiskeli za umeme, yaani zile ambazo mota ndogo huongeza nguvu ya pedali. Katika Umoja wa Ulaya mota hiyo haivuki wati 250 na huacha kusaidia mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Wapo wanaoiita udanganyifu, tuhuma isiyoeleweka pale ambapo hakuna shindano la kudanganya. Hoja za Desgrange na Vélocio zinarudiwa karibu bila kubadilika, na inaelekea zitaishia palepale, kwa kuwa gia zilizodharauliwa ndizo leo zilizo kwenye baiskeli za mashindano ya Desgrange mwenyewe. Mota imefanya ambacho upepo haukuweza: imeifanya nguvu ikopesheke mlimani, japo mkopeshaji ni betri. Mzee aliyekuwa ameacha kutoka kwa haya ya kusubiriwa hurudi kundini, na kwenye kilima cha kwanza huwatangulia vijana, akafika kileleni pumzi zikiwa zimetulia. Kanuni ya kutoondoka mpaka wa mwisho anywe maji sasa inamhusu yeye, na wengi wa wazee hao, baada ya miaka ya kuwa upande wa pili wa kanuni hiyo, hawahitaji kukumbushwa.